Bawaba, Kutu na Mfuo wa Jembe: Je, Miungu Midogo ya Roma na ya Wahindu Ina Nasaba Moja?

Mwaka 1784, jaji Mwingereza aliyekuwa amefika Calcutta mwaka mmoja tu uliotangulia, William Jones, aliandika makala ndefu ya kulinganisha miungu ya Ugiriki na Italia na ile ya Wahindu. Miongoni mwa jozi alizopanga ni Janus na Ganesha. Hoja yake inaeleweka upesi. Janus wa Roma, mwenye nyuso mbili, ndiye bwana wa milango na mianzo, na Mroma akianza sala alimtaja yeye kwanza. Ganesha mwenye kichwa cha tembo ndiye mwondoa vikwazo, na Mhindu akianza harusi, safari au daftari jipya la hesabu, humtaja yeye kwanza. Jones akaona hao ni mungu mmoja mwenye majina mawili.

Tarehe 2 Februari 1786, mbele ya wasomi wenzake mjini humo humo, alitamka jambo kubwa zaidi: kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zimetoka katika chimbuko moja. Hili la pili limesimama mpaka leo. Lile la kwanza limeanguka. Ganesha huyu tunayemjua hayumo katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi ulio wa kale kuliko zote katika Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Neno ganapati limo, lakini humo linamhusu mungu mwingine. Sura ya tembo na ibada yake vinajitokeza katika karne za kwanza baada ya Kristo, wakati watu wa lugha hizo walikuwa wameachana kwa maelfu ya miaka. Hakuna urithi unaoweza kugawanywa kabla haujakuwepo.

Nimeanza na Jones kwa sababu ukweli wake na kosa lake vimezaa kambi mbili ambazo hazijapatana. Kambi ya kwanza, nitaiita ya nasaba, inasema miungu ya Roma na ya Wahindu ni ndugu wa damu: wahenga walisema lugha moja, wakahama na miungu yao, na kila ukoo ukaondoka na fungu lake la urithi. Kambi ya pili inasema mfanano umetokana na maisha. Mkulima anayehofia ugonjwa wa ngano, mama anayehofia uzazi, msafiri aliyekutwa na giza msituni, hao watazaa miungu ya aina moja hata kama hawajawahi kusikiana. Kuhusu miungu mikubwa ubishi umepungua, maana Jupiter na Dyaus Pita wa Rigveda ni jina lile lile, "Baba Mbingu", na mwanaisimu hawezi kulikana. Ubishi mkali uko chini, mlangoni, shambani na jikoni, kwa miungu ambayo vitabu vingi huipitia kwa mistari miwili.

Kwa Roma udogo huo ulifika mbali sana. Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeanza kuandika utetezi wake mkubwa wa Ukristo mwaka 413, anataja mlango mmoja wa nyumba wenye miungu mitatu: Forculus wa ubao, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Bawabu mmoja, anasema, kwa kuwa ni binadamu, anatosha mlango mzima. Iweje miungu ihitajike mitatu? Kisha anashuka shambani. Seia huiangalia mbegu ikiwa bado udongoni, Segetia huipokea ikishachomoza, Nodutus husimamia vifundo vya bua, Patelana hufungua ganda ili suke litoke, Lacturnus huja punje zikiwa na maziwa, Tutilina hulinda nafaka ikiwa ghalani. Na katika sadaka ya shamba, kuhani wa Ceres, mungu wa nafaka, aliita majina kumi na mawili kwa mpangilio, majina ambayo ni kazi tupu. Kiswahili kinayabeba bila taabu: Mvunja-ardhi, Mrudiaji, Mpiga-matuta, Mpandaji, Mfukiaji, Msawazishaji, Mpaliliaji, Mng'oa-magugu, Mvunaji, Mbebaji, Mtia-ghalani, Mtoa-ghalani. Mungu wa namna hii hana sura, hana mke, hana hadithi. Ana kazi moja, na kazi ikiisha ameshaondoka.

Upande wa Wahindu, Rigveda yenye tenzi 1,028 imejaa miungu mikubwa kama Indra na Agni, lakini pembeni wamo wadogo. Yumo Vastoshpati, mlinzi wa boma. Yumo Kshetrapati, bwana wa shamba. Yumo Aranyani, bibi wa msitu, mwenye utenzi mmoja tu. Yumo Sita, na hapa hajawa malkia wa mtu, ni mfuo uliochimbwa na jembe, anayeombwa asogee karibu na azae vizuri. Baadaye wanaongezeka yaksha, pepo wa miti na hazina. Naga, nyoka wa maji na ardhi. Gandharva, wanamuziki wa mbinguni, na wenzi wao apsara. Na miungu ya vijiji isiyohesabika, kama Mariamman wa Watamil anayehusishwa na mvua na ndui.

Sasa tuisikilize kambi ya nasaba, na tuisikilize kwa haki, maana ina hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba miungu midogo ndiyo inayotunza ya kale. Mungu mkubwa hubadilika na siasa. Jupiter alivishwa hadithi za Zeus mpaka tukashindwa kumwona Jupiter wa awali. Indra, mfalme wa Rigveda, akaja kufunikwa na Vishnu na Shiva. Mungu wa bawaba hakuna mfalme anayemhitaji, kwa hiyo anabaki alivyo, mikononi mwa mama wa nyumbani anayerudia maneno ya bibi yake. Hoja ya pili imejificha katika sarufi. Majina mengi ya wale kumi na wawili wa Ceres yanaishia na -tor: Insitor, Messor (ambamo t imelainika kuwa s), Conditor. Miungu-kazi ya Rigveda inaishia na -tar: Savitar, Mchocheaji; Tvashtar, Mchongaji; Dhatar, Mwekaji. Kiambishi hicho ni kimoja, kimerithiwa kutoka lugha mama. Kambi ya nasaba inauliza: kama namna ya kumtaja mungu kwa kazi yake ni moja mpaka kwenye silabi ya mwisho, tunawezaje kusema ni bahati?

Mimi hoja hii ya sarufi ilinishika kwa muda mrefu, mpaka nilipoitazama kwa jicho la Kiswahili. Sisi tunasema Muumba, na neno linatokana na kuumba. Tunasema Mwokozi, Mjuzi, Mlinzi. Hatukurithi namna hiyo kwa Mroma wala kwa Mhindu. Lugha yoyote inayoweza kugeuza kitenzi kuwa mtenda itafika hapo siku yoyote itakayohitaji kumtaja mungu kwa kazi yake. Kiambishi cha -tor na -tar kimerithiwa kweli, kama vile neno la kumuita baba lilivyorithiwa, lakini urithi wa kiambishi hauthibitishi urithi wa mungu aliyevishwa.

Hoja ya tatu ndiyo bora kuliko zote, nayo ni ya Alfajiri.

Ushas, alfajiri ya Rigveda, ana tenzi kama ishirini, na ni kati ya mashairi mazuri ya kale niliyowahi kuyasoma. Anavaa nguo zenye nakshi kama mchezaji ngoma, anafunua kifua kama ng'ombe anavyotoa kiwele, anaamsha kila kiumbe kwenda kwenye kazi yake. Yeye na Usiku ni dada: sura mbili, moyo mmoja, wanapokezana njia ile ile bila kugongana. Na pamoja wanamnyonyesha mtoto mmoja, moto au jua, ambaye mmoja amemzaa na mwingine anamlea. Jina lake ni ndugu halisi wa Aurora wa Kilatini. Katika Kilatini cha kale, s iliyo katikati ya irabu iligeuka kuwa r, na ukiirudisha mahali pake undugu unaonekana waziwazi.

Sasa twende Roma, tarehe 11 Juni, siku ya Matralia, sikukuu ya Mater Matuta. Wanawake walioolewa wanaingia katika hekalu lake karibu na soko la ng'ombe. Wanamwingiza mwanamke mtumwa, wanampiga makofi na fimbo, wanamfukuza nje. Kisha wanabeba mikononi watoto wa dada zao, wala si wa kwao wenyewe, na kuwaombea. Waroma wenyewe hawakujua kwa nini. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika habari hizi, anauliza swali hilo na kujaribu majibu. Mwaka 1956 msomi Mfaransa Georges Dumézil alitoa jibu lake. Matuta ni alfajiri, na mshairi Lucretius anamtaja hivyo. Alfajiri hufukuza giza, ndiyo maana mtumwa anafukuzwa. Alfajiri hulea mtoto wa dada yake Usiku, ndiyo maana kina mama hubeba watoto wa dada zao. Na siku yenyewe iko karibu na kilele cha jua la kaskazini, ambapo mchana unakaribia kuanza kupungua na alfajiri inahitaji kusaidiwa. Roma imesahau hadithi na kubakiza tendo. India imetunza hadithi bila tendo. Ukiviweka pamoja, vipande vinashikana kama kigae kilichovunjika.

Ni jibu zuri, na uzuri wake ndio unaonifanya nilikague mara mbili. Msomi H. J. Rose alikwisha kupendekeza kwamba hakukuwa na watoto wa dada hata kidogo: Kilatini cha kale kilikuwa na neno lililofanana na la dada, likimaanisha msichana anayeota maziwa ya kwanza, na huenda watu wa baadaye walilisikia vibaya, wakapata "watoto wa dada" mahali palipokuwa na vijana wanaobalehe. Ovid, mshairi wa Roma, naye ana maelezo mengine: Matuta alishafananishwa na Ino wa Wagiriki, aliyemlea Bacchus, mtoto wa dada yake Semele, hivyo dada wa mama na mtoto wangeweza kuingia kutoka Ugiriki. Na kuna jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi ya hayo mawili. Aurora, mwenye jina lililorithiwa, hana sikukuu katika kalenda ya Roma. Matuta, mwenye sikukuu, jina lake si la Ushas. Jina la urithi limebaki kwa washairi, na tendo linalodaiwa kuwa la urithi liko kwa mungu wa jina jingine. Ili nasaba isimame, lazima tuamini kwamba Waroma walimbadilisha jina mungu wao na bado wakatunza tendo lake kwa usahihi kwa miaka elfu na zaidi. Inawezekana. Mimi naipa nusu ya imani yangu, na nusu hiyo ni kubwa kuliko ninayowapa Janus na Ganesha.

Hoja nyingine za nasaba zimeanguka kabisa. Mwanaisimu Mjerumani Adalbert Kuhn, katikati ya karne ya 19, aliwaunganisha gandharva na kentauro, wale nusu mtu nusu farasi ambao Waroma waliwapokea kutoka kwa Wagiriki. Dumézil kijana aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1929. Sauti zilifanana masikioni, lakini sheria za mabadiliko ya sauti hazikubali: g haikupaswa kuwa k, wala dh kuwa t, kwa njia hiyo. Na tabia zao ni mbali. Kentauro wanalewa harusini na kupora bibi harusi. Gandharva wanapiga muziki na kulinda soma, kinywaji kitakatifu cha miungu, na jina lao limepewa ndoa ya watu wawili waliopendana bila kumshirikisha mzazi.

Na hata sauti zikikubali, bado hatujafika. Tunao ushahidi wa hilo katika lugha zetu wenyewe. Mtswana na Msotho husema Modimo, na humaanisha Mungu mwenyewe. Ni neno moja na mzimu letu, mzizi ule ule wa Kibantu. Mswahili akisema mzimu, anafikiria roho ya marehemu au pango linalotolewa sadaka. Akisema zimwi, amefika kwa dubwana la hadithi linalomeza watu, na Mzulu naye ana izimu lake mla watu. Mzizi mmoja umezaa Mungu, roho ya babu, dubwana, na hata wazimu wa kichwani. Anayetaka kujua Mtswana anaabudu nini hatasaidiwa na zimwi la hadithi zetu. Kwa jirani wa Wahindu imekuwa hivyo hivyo: deva kwa Mhindu ni mungu, na daeva kwa Waajemi waliomfuata Zarathustra ni shetani, ingawa ni neno moja. Neno husafiri salama. Kilichomo ndani yake hubadilishwa njiani.

Kambi ya pili nayo haina haja ya isimu; inatuomba tutazame mikono ya watu. Kila tarehe 25 Aprili, Waroma walimwomba Robigus, na jina lake ni kutu: kutu ya chuma na kutu ya ngano, neno moja kama lilivyo kwetu, maana mkulima wa ngano wa Narok naye akiona vumbi la rangi ya chungwa kwenye majani husema shamba limeingiwa na kutu. Ovid anasimulia alivyokuwa akirudi Roma akakutana na watu waliovaa nyeupe wamejaa njiani. Kuhani alikuwa anakwenda kwenye kijisitu cha Kutu kuchoma matumbo ya mbwa na ya kondoo. Ovid akamfuata. Mkononi kuhani alikuwa na kitambaa chenye nyuzi zilizolegea, bakuli la mvinyo na kasha la ubani. Sala yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza adui: Kutu mkali, yaachie majani ya nafaka, shika chuma badala yake, shika mapanga na mikuki ambayo hatuihitaji wakati wa amani.

Sala hii haihitaji babu wa pamoja na Mhindu. Inahitaji ngano na ugonjwa wake. Mariamman alibembelezwa kwa roho hiyo hiyo ili ndui ipite mbali na nyumba, na Kitamil si cha ukoo wa Kilatini hata kidogo. Huu ndio udhaifu mkubwa wa nasaba kwa upande wa India: sehemu kubwa ya miungu yake midogo, wale wa vijiji, wale wa nyoka, pengine na yaksha, ina mizizi kwa watu ambao hawakuwa wasemaji wa Kisanskriti. Huwezi kuwatafutia binamu Roma kwa njia ya lugha ambayo hawakuisema.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa msitu. Utenzi wa Aranyani ni wa mtu aliyechelewa porini jioni. Anasikia kama gari la ng'ombe linalia ekseli. Kama mtu anaita ng'ombe wake. Kama mwingine anaangusha mti. Kama mtu amepiga yowe. Hakuna mtu. Ni Aranyani, ambaye halimi na ana chakula tele, na ambaye hamuui mtu asipochokozwa. Livy, mwanahistoria wa Roma, naye anasimulia kwamba katika mwaka wa kwanza wa jamhuri, mwaka 509 KK, Waroma na jirani zao Waetruski walipigana kando ya msitu wa Arsia mpaka jioni bila kujulikana mshindi. Usiku ukimya ulipotanda, sauti ikatoka msituni, sauti ya Silvanus: kwa Waetruski ameanguka mtu mmoja zaidi, ushindi ni wa Roma. Silvanus na Aranyani majina yao hayana undugu, kila jina linatokana na neno la lugha yake la "msitu". Kinachofanana ni sikio la binadamu gizani, karibu na miti. Aliyewahi kulala kando ya msitu hahitaji kufafanuliwa.

Hapa watu wa kambi ya pili huwa wanasimama wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu kuna njia ya tatu ambayo kambi zote mbili zinaisahau: biashara. Mwaka 1938, katika nyumba moja ya Pompeii iliyofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, wachimbaji walipata kisanamu cha pembe ya ndovu cha karibu sentimita 25. Ni mwanamke, shingo na kiuno vimejaa vito, mikono na miguu imejaa bangili, na wasichana wawili wadogo wamesimama ubavuni wakiwa na vifaa vya urembo. Kazi ni ya Kihindi bila shaka, na chini pamechongwa herufi ya Kharoshti, mwandiko wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Aliyekichimbua alikiita Lakshmi. Wasomi wengi sasa wanasema huyu ni yakshi, pepo wa kike wa miti na rutuba, kama wale wanaosimama kwenye nguzo za kale za Bharhut, India, wakiwa wameandikwa majina yao.

Yakshi huyo alikuwa ndani ya nyumba ya mji ambao majiko mengi yalikuwa na kijihekalu cha Lares, miungu ya kaya. Meli zilizomleta zilikuwa zinafuata pepo za kusi na kaskazi, pepo zile zile zilizoleta majahazi pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne hiyo hiyo kinaitaja Muziris ya pilipili huko India, na kinaitaja Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani hii ya Azania. Kama mungu mdogo angeweza kusafiri kama mapambo ya samani, basi kila mfanano wa karne za baadaye unahitaji swali la ziada kabla ya kuupeleka kwa wahenga au kwa mikono ya mkulima. Nakiri kwamba mfano huu unaonyesha pia mpaka wa njia ya tatu: kisanamu kilifika, ibada haikufika. Hakuna hekalu la yakshi lililofukuliwa Italia.

Kijihekalu hicho cha Pompeii kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana kinatatiza kila mtu. Katika nyumba ya akina Vettii amechorwa roho wa bwana wa nyumba, amejifunika kichwa kwa toga, huku na huku Lares wawili vijana wanacheza wameinua pembe za mvinyo. Chini yao nyoka mkubwa anajongea kwenye madhabahu. Nyumba nyingi za Pompeii zina nyoka huyo, mlinzi wa mahali. Sasa nenda Kerala, kusini mwa India: pembeni mwa kiwanja cha ukoo kuna kijisitu cha nyoka kisichokatwa mti, penye mawe ya naga yanayopakwa manjano na kupewa maziwa. Nyoka wa mahali, anayelindwa na kulinda, pande zote mbili za bahari. Hakuna neno la pamoja. Ushahidi wa kuazimana haupo. Ipo nyumba, yapo panya na wapo nyoka wanaowafuata, ipo hofu, na upo uamuzi wa busara wa kumfanya anayeogopwa kuwa mwenyeji.

Lazima niseme pia kuhusu mashahidi wetu, kwa sababu kambi zote hujenga juu yao kana kwamba ni wasafi. Miungu ya bawaba na mabua tunaijua zaidi kupitia Augustine, mtu aliyeiorodhesha ili ionekane upuuzi, akinukuu kazi ya Varro, msomi wa Roma, ambayo imepotea. Kwa India, waliotuandikia ni makuhani na wanafalsafa waliopenda kuyeyusha wengi ndani ya mmoja. Katika Brihadaranyaka Upanishad, kitabu cha kale cha falsafa ya Wahindu, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa kuna miungu mingapi. Anajibu 3,306. Anabanwa, anasema 33. Anabanwa tena, sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja. Mmoja aliwapunguza wadogo kwa dhihaka, mwingine kwa kuwameza. Mwanamke aliyepaka bawaba mafuta, au aliyemwagia jiwe la nyoka maziwa, hakuulizwa.

Wapo wasomi wa Kihindi wanaosema ulinganishi huu wote umebeba dosari ya kikoloni, kwamba tangu Jones Ulaya iliitazama India ili ijione yenyewe ilipokuwa changa. Malalamiko hayo nayachukua kwa uzito. Dini ya Roma imekufa, haiwezi kumjibu msomi. Ya Wahindu iko hai, na anayepita Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, asubuhi anasikia kengele zake. Kuiweka hai pembeni ya maiti na kuitafutia sehemu zinazofanana ni kazi inayodai adabu. Lakini kuacha kulinganisha kabisa kungekuwa kosa la pili, maana ni ulinganisho uliotuonyesha kwamba Sita wa Ramayana, aliyeibuka mbele ya jembe la Mfalme Janaka na ambaye mwishowe ardhi ilifunguka ikampokea, alikuwa mfuo kabla hajawa binti wa mfalme. Ni kwa kumweka karibu na Mpiga-matuta wa Roma, mungu wa mfuo ambaye hakuwahi kuwa na hadithi, ndipo tunapoona ukubwa wa kilichotokea India: mungu mdogo kabisa aliyepanda mpaka kuwa moyo wa utenzi unaojulikana na mamia ya mamilioni ya watu. Miungu midogo ya Roma yenyewe ilizimwa. Tarehe 8 Novemba 392, sheria ya Mfalme Theodosius ilikataza hata ndani ya nyumba kumheshimu Lar kwa moto, roho wa bwana kwa mvinyo, na Penates, walinzi wa akiba ya nyumba, kwa harufu ya ubani.

Kwa hiyo ninaegemea upande wa pili. Nasaba inaeleza mbingu na pengine alfajiri. Kadiri mungu anavyokuwa mdogo, ndivyo anavyokuwa wa mahali na wa kazi. Lakini kuna jambo moja linanizuia kufunga mjadala. Mahekalu ya Roma yalisimama kwenye eneo lenye pembe nne lililobarikiwa na waaguzi. Nyumba ya Vesta, moto wa kaya ya taifa, ilikuwa duara, na haikubarikiwa kwa utaratibu huo. Katika sadaka ya Veda, moto wa mwenye nyumba, garhapatya, huwashwa kwenye mahali pa duara, na moto wa kuwapelekea miungu sadaka, ahavaniya, kwenye pembe nne. Wanaopinga wanasema duara la Vesta ni kumbukumbu ya vibanda vya mviringo vya kale vya Latium, eneo la Roma, na kweli vyungu vya majivu vya enzi hiyo vimefinyangwa kwa umbo la vibanda hivyo. Jibu hilo linaeleza duara. Halielezi kwa nini Roma na Veda, zote mbili, ziliutenga moto wa nyumba kwa umbo moja na mahali pa miungu kwa umbo jingine, na maumbo yakawa yale yale.